Msikilizaji Namba Moja

Eufrazia Polikarpo alikuwa na masikio, na hakuna mtu aliyewahi kufanya naye kazi siku mbili bila kuambiwa hivyo. Akiwa amefumba macho angekwambia kwamba mtangazaji amerudi nyuma kidole kimoja kutoka kwenye maiki, kwamba ametoka kunywa kitu baridi, kwamba mlango wa ngazi umeachwa wazi. Aliringa, ndiyo. Lakini aliringia kitu alichokuwa nacho kweli, na mtu wa namna hiyo huvumilika kuliko wengi tunaowavumilia kila siku.

Masikio hayo ndiyo yaliyompeleka Redio Rondo, ghorofani Mwananyamala, juu ya duka la rangi la Mohamedraza. Mohamedraza alikuwa Khoja wa Lindi. Babu yake alifungua duka huko, baba yake akalikuza, na yeye akahamia Dar akiwa kijana, akauza rangi miaka thelathini huku akiwa na hamu ya ngoma za kusini ambazo hakuna redio iliyompigia zaidi ya wimbo mmoja kwa mwezi. Alipochoka kulalamika akaamua kufungua ya kwake. Haikuwa redio ya mnara wala antena. Sauti ilitoka kwenye maiki na mitambo, ikaingia kwenye kompyuta, ikapanda mtandaoni, na aliyetaka kuisikiliza aliifungua kwenye simu yake, awe Temeke au Tandahimba.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Kwa wiki tatu na ushei kabla yake redio ilirusha majaribio: nyimbo za kusini mchana kutwa, na kila baada ya nyimbo mbili sauti ya Eufrazia mwenyewe ikisema, "Unasikiliza Redio Rondo, matangazo ya majaribio. Mimi ni Eufrazia." Kazi yake ilikuwa kupima kama sauti hiyo inafika, na inafikaje. Ilirushwa kwa uzito wa aina tatu: alipima ile nzito, ya wenye bando la kutosha, akapima ya kati, akapima nyepesi ya wanaobana matumizi. Alihesabu mara ngapi inaganda, mara ngapi inakatika, inachukua muda gani kuamka mtu akiifungua. Yote hayo aliyasikiliza kwenye hedifoni zake kubwa nyeusi, ambazo hakumwazima mtu, na sauti ilimjaa kichwani, imetanuka kushoto na kulia mpaka akahisi amesimama katikati ya wapiga ngoma. Aliipenda sana sauti ile iliyotanuka. Alidhani ni ufundi wake, na kwa namna fulani ulikuwa ufundi wake kweli, kama tutakavyoona.

Hedifoni peke yake haitoshi. Hilo alilijua, hivyo akachagua wasikilizaji kumi na wawili sehemu mbalimbali za jiji, watu wenye simu za kawaida na mambo yao ya kufanya. Namba moja alikuwa mama yake, Margareta, aliyekaa Kiwalani. Namba nne alikuwa Hamisa, muuza nyanya wa sokoni Mabibo. Kila jioni aliwapigia mmoja mmoja.

"Habari ya sauti?"

"Nzuri."

"Haya, asante. Kesho."

Akaweka alama ya vema. Siku ishirini na moja, watu kumi na wawili: vema mia mbili hamsini na mbili, bila kosa hata moja. Jumapili moja alikwenda Kiwalani kumsalimia mama yake, akajisifu wakati wa chai kwamba wasikilizaji wake wanamsikia mpaka pumzi. Mama yake akamwambia hongera.

Alhamisi Mohamedraza alimwita chini dukani.

"Eufrazia, nina majina mawili ya mkuu wa sauti. La kwako na la Edgar."

Edgar alikuwa wa kampuni moja ya mjini inayopima mitambo kwa kompyuta. Alikuwa na vyeti, na begi zuri la kubebea hivyo vyeti.

"Edgar hana masikio, bosi. Ana mashine."

"Mashine haioni haya kunikatalia," alisema Mohamedraza. "Mie nakutaka wewe, ujue. Lakini redio inafunguliwa mara moja tu. Siku hiyo Lindi nzima itanisikiliza, pamoja na binamu zangu wanaosema nimechanganyikiwa. Nipe karatasi yenye sahihi yako kwamba sauti inafika. Ikifika, kiti ni chako. Isipofika, kiti cha Edgar."

Alisaini palepale, amesimama, bila hata kuomba kiti. Alikitaka cheo kile mno. Miaka sita alibeba nyaya za watu kwenye kumbi za harusi, akiitwa dada wa waya, akisogezwa pembeni mgeni rasmi anapopita, na sauti ikitoka safi anasifiwa MC. Mkuu wa sauti! Alishalitamka neno hilo peke yake bafuni mara kadhaa, na lilimpendeza.

Ijumaa asubuhi alichukua fulana za redio akaanza kuwagawia wasikilizaji wake, akianzia Mabibo. Hamisa alimwona tangu mbali, akampungia mkono. Alikuwa nyuma ya meza yake ya nyanya, simu ameisimamisha ndani ya bakuli la plastiki ili sauti itoke kwa nguvu, na wanawake wawili wa meza za jirani walikuwa wameisogelea. Soko zima lilisikiliza hivyohivyo: simu moja, bakuli moja, watu watatu wanne.

"Shosti, karibu! Si unaona tulivyoungana na nyie? Mie siku hizi redio nyingine sifungui."

Eufrazia akatega sikio huku akitabasamu. Marimba yalikuwepo. Kayamba ilikuwepo, inachekecha vizuri upande wake. Mwimbaji hakuwepo. Akadhani ni mahali pa vyombo vitupu, akasubiri. Wimbo ukaisha ukaingia mwingine, ambao aliujua kwa moyo, ambao mwanamke anaimba tangu pigo la kwanza hadi la mwisho bila kuvuta pumzi. Vyombo vilicheza. Mwanamke hakuimba. Kisha wimbo ukaisha, na zamu ya Eufrazia mwenyewe ikafika, na kutoka kwenye bakuli hakikutoka kitu.

Tabasamu lilimkauka usoni.

"Hamisa, hapo nilikuwa naongea mie. Umesikia?"

"Hapo wapi?"

"Hapo, sasa hivi."

"Hapo huwa panakuwaga kimya. Sie tulijua mnapumzisha mashine."

"Na waimbaji?"

"Waimbaji gani tena? Si redio ya ngoma tupu?" Hamisa akawageukia wenzake, nao wakakubali kwa vichwa. "Na tumeipenda hivyohivyo. Haina makelele."

"Hamisa! Wiki tatu nakupigia, nakuuliza habari ya sauti, unaniambia nzuri!"

Hamisa akafuta mikono kwenye khanga, akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni wa mji.

"Sasa mtu akikuuliza habari, unamjibuje? Ukiulizwa habari ya nyumbani na mtoto ana homa, si unasema nzuri kwanza? Ndo unafuatisha: nzuri, ila mtoto anaumwa. Mie nasema nzuri, nataka nikwambie ila, wewe ushakata simu."

Eufrazia alibaki na fulana mkononi. Hata yeye, angeulizwa wakati ule ule na mpita njia habari za kazi, angesema nzuri. Watu wote wa Dar wanajua kwamba jibu la kwanza ni heshima na jibu la pili ndilo habari. Yeye alikuwa amekusanya heshima kwa wiki tatu, akaiwekea vema, akaitilia sahihi.

"Nani ana iyafoni hapa?"

Mwanamke wa vitunguu alikuwa nazo. Eufrazia akazichomeka, akaziweka masikioni, na mwimbaji huyo hapo, amejaa tele. Akazichomoa: mwimbaji katoweka, marimba yamebaki. Akazichomeka tena, akazichomoa tena. Mara ya tatu akaelewa.

Sauti hutoka studio kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukivaa hedifoni, kila sikio linapata ya kwake. Simu yenye spika moja huzichanganya njia zote mbili. Sasa fundi akilehemu nyaya za upande mmoja kinyume, upande huo unasukuma wakati mwenzake anavuta, na kila kilichowekwa katikati kinakufa, kama mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja yuko ndani na mwingine yuko nje. Sauti ya mtu huwekwa katikati. Vya pembeni, marimba na kayamba, vinapona. Na waya ule wa kutoka kwenye miksa, mtambo wa kuchanganyia sauti, kwenda kwenye kompyuta, hakuulehemu fundi wa kuazima. Aliulehemu Eufrazia, kwa mikono yake, huku akiimba. Ndiyo maana kwenye hedifoni zake sauti ilitanuka vile.

Alipanda bodaboda mpaka Mwananyamala na hakumwambia dereva apunguze mwendo hata mara moja. Kazi yenyewe ilimchukua dakika kumi. Alifungua kichwa cha waya, akaziona zile nyaya mbili zimebadilishana nafasi, akazitukana kwa jina, akazirudisha. Kisha akaweka hedifoni zake kando, akafungua redio kwenye simu ya spika moja, na mwanamke wa ule wimbo akaimba mpaka mwisho.

Akakaa chini. Karatasi ilisainiwa jana, na leo ilikuwa imekuwa kweli. Nani angejua? Hamisa angefikiri redio imeongeza waimbaji. Wazo hilo lilimkalia begani kwa muda wa wimbo mzima, na lilikuwa wazo tamu, nisimsingizie. Lakini alikumbuka kumbi za harusi na wale ma-MC waliokuwa wakipokea makofi ya kazi isiyo yao, na jinsi alivyokuwa akiwadharau. Akashuka ngazi.

Mohamedraza alikuwa anachanganya rangi ya mteja. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafunika kopo, akakigonga kifuniko taratibu kwa nyundo ndogo.

"Wiki tatu hakuna sauti ya mtu?"

"Wiki tatu, bosi. Kosa langu, si la mtu mwingine. Nimesharekebisha, sasa iko sawa."

"Iko sawa. Nani kasema?"

Eufrazia akalitazama kopo.

"Sikufukuzi kwa waya," alisema Mohamedraza. "Waya hata mie naweza kuukosea. Lakini umeniwekea sahihi juu ya salamu. Kesho saa nane mchana nataka neno la kila mmoja wa hao kumi na wawili. Neno la kweli, sitaki nzuri. Akikosekana mmoja, Edgar atakaa kwenye hicho kiti na wewe utamshikia waya."

Haikuwa adhabu kubwa kwa mtu asiyejali. Kwa Eufrazia ilikuwa kama kurudishwa ukumbini na kuambiwa sogea mgeni anapita. Akapanda juu, akachukua karatasi mpya, na safari hii akaamua kutumia masikio kwa kazi yake ya pili, ambayo ni kunyamaza.

"Habari ya sauti?"

"Nzuri."

Akanyamaza. Jaribu uone kazi ya kunyamaza kwenye simu na mtu wa Dar. Unahesabu moja, mbili, tatu, mwenzako anakuuliza halo, upo? Unasema nipo. Unanyamaza tena. Ndipo linakuja.

"Nzuri… ila leo kuna mwanamke kaingia humo, kazi yake kujitambulisha tu. Ndo nani huyo?"

Aliandika. Mwingine akasema nzuri, ila ngoma za Wamwera chache, Wamakonde mmewapendelea. Mwingine akasema nzuri, ila ile nyepesi inaganda akipita karibu na hospitali, halafu inarudi. Namba tisa alisema nzuri, ila leo ndiyo siku ya kwanza ameelewa kwamba ile ni redio, siku zote alijua ni mlio wa simu. Eufrazia alicheka mpaka akalazimika kuweka kalamu chini. Alijifunza mengi jioni ile kuliko katika zile siku ishirini na moja, na kila ila iliyoingia ilimrudishia kifua chake kidogo kidogo. Hadi magharibi alikuwa na maneno kumi na moja ya kweli.

Akabaki na namba moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari ya sauti?"

"Nzuri."

Akanyamaza. Mama yake naye akanyamaza. Eufrazia akahesabu mpaka ishirini, na upande wa pili alisikia kuku, alisikia jirani akiita mtoto, na hakusikia neno.

"Ila je, mama?"

"Hakuna ila. Nzuri sana. Nakusikia mpaka pumzi."

Hapo kitu kilimchoma Eufrazia. Mpaka pumzi yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kwenye chai ile ya Jumapili, na sasa yalikuwa yanarudishwa kama bakuli la jirani, limeoshwa vizuri na halina kitu ndani. Hakuandika chochote. Jumamosi asubuhi akaenda Kiwalani.

Margareta alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Alifurahi kumwona, akataka kuinuka akaweke chai, Eufrazia akamzuia.

"Simu iko wapi, mama?"

"Ndani. Inachajiwa."

Haikuwa inachajiwa. Eufrazia aliikuta kabatini, chini ya vitenge vilivyokunjwa, imezimika kabisa. Akatoka nayo, akaiweka kwenye mkeka kati yao. Mama yake aliitazama kisha akarudisha macho kwenye mchele.

"Redio yako nzuri, Eufrazia. Usihangaike na mie."

"Mama, nisipopata neno lako la kweli leo, kazi naikosa. Kuna mtu tayari anaisubiri."

Ndege ilipita juu yao kuelekea kutua. Kiwalani ndege ikipita watu hukatisha maneno na kuyaendeleza ikishapita, hata katikati ya ugomvi. Wakaisubiri. Ilipopita, Margareta aliweka ungo chini.

"Sikusikii," alisema.

Akaisogeza simu kando ya mkeka.

"Nilikaa na hiyo simu sikioni mpaka ikapata moto. Nasikia marimba, nasikia kayamba. Wewe sikusikii. Halafu ukaja hapa ukasema wenzangu wote wanakusikia mpaka pumzi. Nikajua basi, ni mie." Akajipangusa punje za mchele mapajani. "Bibi yako ndivyo alivyoanza. Ana kwa ana, hata kwenye simu, alituelewa vizuri tu. Redioni ndiko watu walianza kumpotea. Taarifa ya habari alikuwa anasikia muziki wake, msomaji hamsikii. Ngoma alizisikia mpaka kufa kwake. Sie ndo tulimpotea, na wa kwanza kumpotea ni mie."

"Mama…"

"Kwaya nimemwachia Noela. Nimewaambia ni magoti. Mwalimu wa kwaya kiziwi nani anamtaka?"

Miaka thelathini na moja Margareta alikuwa ameisimamia kwaya ile. Alikuwa akisimamisha wimbo wenye watu arobaini kwa ajili ya mmoja aliyeteleza, na kumnyooshea kidole huyo huyo, safu ya nyuma, wa tatu kutoka dirishani. Masikio ambayo Eufrazia alitembea nayo mjini akijisifu, alipewa hapa. Na yeye, kwa waya mmoja na maneno ya kujisifu wakati wa chai, alikuwa amemfanya mwenye masikio hayo aamini yamekufa. Aliona aibu kiasi cha kutaka kuinuka aondoke. Hakuwahi kuona aibu ya namna hiyo, hata mbele ya Mohamedraza.

"Mama, nisikilize. Masikio yako hayana kitu. Ni waya. Niliulehemu kinyume, ukaua sauti za watu, mji mzima. Hakuna aliyenisikia, hata mmoja."

Margareta akatabasamu, akampapasa goti.

"Umelelewa vizuri. Usinipoze, mwanangu."

"Sikupozi!"

"Sawa."

"Mama, ni kweli tupu!"

"Nimesema sawa."

Eufrazia aliuchukia ustaarabu wote wa pwani na bara kwa pamoja. Akachukua simu, akaingia ndani, akaichomeka kwenye umeme, akasimama juu yake mpaka ikawaka. Akafungua Redio Rondo, akavuta kigoda hadi mlangoni mahali waya wa chaji ulipofika, akaiweka hapo, hakuna bakuli, hakuna hedifoni. Kisha akarudi kukaa mkekani.

Marimba yaliingia kwanza, na uso wa Margareta haukubadilika, maana marimba alishayazoea. Kisha mwanamke akaanza kuimba. Mkono wa Margareta ulikuwa njiani kuelekea kwenye ungo, ukasimama hewani. Hakupumua, au hivyo ndivyo ilivyoonekana. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, mwanamume safari hii, na maneno yake yalisikika moja moja. Ukaisha nao.

"Unasikiliza Redio Rondo, matangazo ya majaribio. Mimi ni Eufrazia."

Margareta aligeuka haraka akamtazama binti yake mdomoni. Mdomo ulikuwa umefungwa. Akaitazama simu, akautazama tena mdomo.

"Hukuongea wewe hapo?"

"Nimeongea humo ndani, mama."

Margareta akainamia kigoda. Wimbo wa tatu ulikuwa umeanza. Eufrazia alisubiri machozi, alisubiri kukumbatiwa, alishaanza hata kufungua mikono. Mama yake akakunja uso.

"Kuna kitu kinalia."

"Wapi?"

"Humo. Chini ya wimbo. Kinalia noti ya ti, na wimbo wenu umekaa kwenye do. Kinaniudhi."

Eufrazia akasogeza sikio mpaka likagusa simu. Hakusikia chochote zaidi ya wimbo. Yeye, Eufrazia, hakusikia. Akatoa simu yake, akampigia Venance, mtangazaji, aliyekuwa studio akijiandaa kwa uzinduzi.

"Venance, maiki yako iko wazi?"

"Iko wazi, sista, naipasha moto. Nimetoka ngazini kupokea simu yako."

"Umewasha nini humo ndani?"

"Hamna kitu. Feni tu, si unajua joto la humo."

"Izime."

Sauti ya mtandaoni huchelewa, hutoka studio ikazunguka huko inakozunguka na kufika baada ya nusu dakika hivi. Eufrazia hakumwambia mama yake lolote. Wakakaa wote wawili wameinamia kigoda. Wimbo uliendelea vilevile, kwa masikio ya Eufrazia haukubadilika hata kidogo, na ghafla Margareta akainua kidole, kama alivyokuwa akiiinulia safu ya nyuma.

"Hapo. Kimekufa."

Kisha machozi yakaja. Yalimtoka kimya kwanza, halafu yakaja na hasira.

"Wiki tatu, Eufrazia! Wiki tatu nimejizika mzima kwa waya wako!"

"Nisamehe, mama."

"Nilikuwa hata nasali kwa kunong'ona, nisijisikie nikikosea!"

"Nisamehe."

"Na wewe unakuja kunywa chai yangu, mpaka pumzi, mpaka pumzi!" Akampiga begani kwa mkono ulio wazi, mara mbili, na mara ya tatu mkono ukabaki palepale begani. Wakalia wote, na katikati ya kilio ndege nyingine ikapita, wakaingoja, wakaendelea.

Saa saba na nusu Mohamedraza alipiga mwenyewe.

"Kumi na mmoja nimewaona kwenye karatasi. Wa kumi na wawili?"

"Kasema feni ya studio izimwe, bosi. Inalia chini ya wimbo."

Kwa mbali alisikika akiuliza mtu jambo.

"Edgar yuko hapa na mashine yake. Anasema ilipima asubuhi na feni ikiwa inazunguka. Ilisema safi."

"Mlete Kiwalani, bosi. Nimtambulishe kwa mashine yangu."

Mohamedraza alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka kwenye simu, hivyo kilikuwa kicheko kifupi na cha kukohoa. "Acha maneno. Uwe kwenye kiti chako saa tisa, usinicheleweshe."

Eufrazia alikata simu, akataka kumwambia mama yake, lakini mama yake naye alikuwa na simu sikioni, kaishikilia kando ya kichwa na waya wake wa chaji, na anaongea kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Noela! Nani kakwambia nimeacha? Magoti ni yangu, mie ndo najua yanauma lini. Ule wimbo wa Jumapili mmeufikisha wapi? … Mnaanzia noti gani? … Juu mno hiyo, mtawaua wale wa sauti ya kwanza. Nisubirini, msianze bila mie."

Akaichomoa simu, akaingia chumbani. Alitoka amevaa kitenge kingine na viatu vya kutokea, anatafuta daftari lake la nyimbo juu ya kabati.

"Mama, kwaya ni saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi si ndo tunazindua? Naongea mie wa kwanza. Hutanisikiliza?"

Margareta alilipata daftari, akalipuliza vumbi, akaliweka kwapani. Alimwangalia binti yake kutoka kichwani hadi miguuni, akamweka sawa kola ya fulana yake ya redio.

"Wewe nimeshakusikia," alisema, akatoka.